Mume wa Róise

Padri alimwinamia Manus Melly kitandani, akamuuliza kama amewasamehe wote waliomkosea. Manus hakuwa tena na nguvu ya kuinua kikombe, lakini ya kujibu alikuwa nayo.

"Wote, Padri. Isipokuwa baba."

"Manus, usiende mbele ya Mungu na donge moyoni."

"Mungu ananijua. Akinifungia mlango nitakaa nje. Nimeshazoea kukaa nje."

Padri akamtazama Nábla, binti wa mgonjwa, akitumaini atasaidia kumlainisha mzee. Nábla akageuza uso dirishani. Donge hilo hata yeye alikuwa nalo. Alilirithi kama wengine wanavyorithi pua.

Baba wa Manus aliitwa Condy Melly. Kabla ya vita ile ya kwanza aliondoka hapo Rosses, pwani ya Donegal katika nchi ya Waairishi, kwenda Uskoti kuchimba viazi, kama walivyoondoka wanaume na wasichana wote wa pwani ile kila mwaka. Juni kwenda, Novemba kurudi. Novemba ile wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Wala mwaka uliofuata. Hakuna aliyeleta habari ya kifo, hakuna aliyeleta salamu. Mkewe, Róise, akabaki na watoto watatu na kishamba chenye mawe mengi kuliko udongo. Mjane hakuwa, kwa hiyo asingeweza kuolewa tena. Na mume hakuwa naye. Watu wakampachika jina la Mjane wa Uskoti, wakamwita hivyo hata mbele ya uso wake.

Manus alipofika miaka tisa alipelekwa Letterkenny kwenye soko la vibarua. Alisimama kando ya barabara na kifurushi cha nguo kwapani, mkulima mmoja akaja akamminya mikono kama anayenunua ndama, akamchukua. Alilala juu ya zizi, akala baada ya mbwa. Majira ya baridi yale mdogo wake wa mwisho, msichana, alikufa kwa kikohozi, na Manus hakuambiwa mpaka alipoachiwa kwenda nyumbani mwezi wa Mei. Akaingia mlangoni akiwa amembebea pipi.

Kisa hicho cha pipi Nábla alikisikia mara moja tu maishani, na hakuthubutu kuomba kirudiwe.

Manus alifariki siku ya pili yake. Alasiri ya msiba nyumba ilijaa watu, chai ikapikwa birika baada ya birika, sahani ya tumbaku ikazungushwa, wanawake wakasali rozari kwa sauti moja. Miongoni mwao alikuwemo Bi Peigí Sharkey, jirani, mwanamke aliyemaliza ujana wake wote kwenye mashamba ya viazi ya Ayrshire, Uskoti. Rozari ilipokwisha akamvuta Nábla mkono mpaka nyuma ya nyumba, penye lundo la vipande vya mboji kavu ya kuwashia moto.

"Nábla, mwanangu, nina neno. Baba yako ameshakwenda, halitamuumiza tena."

"Sema, Bi Peigí."

"Babu yako hakupotea. Nilimwona."

Nábla akakaa juu ya mboji bila kujali gauni lake jeusi. "Ulimwona wapi?"

"Dalcraig. Nilikuwa msichana, niko na mama yangu, tunachimba. Jumapili tunatoka misa, tunapita mbele ya kanisa la Waprotestanti, nao ndio wanatoka. Akatoka bwana mmoja, kofia nyeusi, koti la sufu, kamshika mke wake mkono. Mama akasimama kama kapigwa kofi. Walikua pamoja yeye na Condy, nyumba kwa nyumba. Akaita, 'Condy!' Yule bwana akageuka. Hakutaka kugeuka, lakini jina la mtu ni jina lake. Kisha akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akampandisha mkewe kwenye gari, huyoo."

"Labda alifanana naye tu."

"Tulimuuliza mkulima. Akatuambia huyo ni Bwana Colin Melville, mzee wa kanisa, ndiye anayenunua viazi vyote mnavyochimba. Hata zizi mnalolala ni lake." Bi Peigí akatema mate pembeni. "Zizi la babu yako, mwanangu. Maji yalipenya kila upande, na wasichana wa kwao wamelala humo kwenye majani, naye anajua ni wa kwao."

"Na baba yangu amekufa hajui! Miaka yote hii mmekaa kimya!"

"Usinipandishie sauti. Bibi yako alijua. Mama alimwambia siku ileile tuliyorudi. Róise alikuwa anakanda mkate, na hakuacha kukanda. Akasema, 'Baba aliyepotea, watoto wake wanaweza kumwombea. Aliyewatupa watamfanyia nini? Nyamazeni.' Basi tukanyamaza."

Nábla alirudi ndani akaendelea kuwamiminia wageni chai. Hakumwaga hata tone. Waliomwona walisema huyu mama ana moyo wa jiwe, na kwa jioni ile hawakukosea.

Mumewe, Phelim, alikuwa mchonga mawe ya makaburi. Miaka yake ya mwisho mikono ilianza kumtetemeka, na siri ya nyumba ikawa kwamba Phelim alipokea kazi na Nábla ndiye aliyechonga herufi. Nusu ya majina yaliyo makaburini mwa parokia ile yalitoka mkononi mwake. Phelim alikuwa ameshakufa, lakini patasi zilikuwa bado kwenye sanduku, zimepakwa mafuta. Julai ilipoanza Nábla alizifunga kwenye taulo pamoja na nyundo, akazitia chini ya nguo kwenye begi, na hakujiuliza anazibebea nini. Akapanda basi la Glasgow, akavuka bahari na wengine kutoka Larne, na upande wa pili akamwomba dereva amshushe njiani, Dalcraig.

Alipanga chumba juu ya duka la samaki na chipsi. Siku iliyofuata, Ijumaa, alikwenda makaburini, akapita safu kwa safu. Jiwe lenyewe halikuwa gumu kupatikana, maana lilikuwa refu kuliko majirani zake wote. Jiwe jekundu la sehemu zile, zuri kwa macho, laini kwa patasi. Ukilinganisha na mawe ya Rosses lilikuwa kama jibini. Colin Melville, liliandikwa. Mume mwaminifu, baba mwema, rafiki wa maskini. Chini yake, kwa herufi ndogo: Na mkewe Jessie. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwepo, na mbele yake nafasi ilikuwa wazi ikimngoja mwenyewe.

Nábla alisoma mara ya pili. Rafiki wa maskini. Akacheka peke yake, kicheko kibaya kilichomtisha hata yeye, kisha akauliza njia ya kwenda ghala la viazi la Melville.

Aliyekuwa nyuma ya meza alimfanya asahau maneno aliyoyapanga. Alikuwa baba yake. Masikio yaleyale yaliyosimama, kidevu kilekile chenye bonde, hata namna ya kujikuna shingo kabla ya kusema. Baba yake aliyenenepa, aliyelala kwenye godoro safi tangu utoto, ambaye hakuna aliyewahi kumminya mikono sokoni. Chuki iliyokuwa imeanza kulegea kwa uchovu wa safari ikamrudia yote.

"Nikusaidie nini, mama?" akauliza Gavin Melville, mwana wa marehemu.

"Naitwa Nábla Melly. Natoka Donegal."

"Kama ni kazi ya viazi, msimu bado. Na siku hizi tuna mashine, watu wenu hatuwahitaji sana."

"Natafuta ndugu zangu."

"Waairishi wako Glasgow, wamejaa tele. Huku umepotea."

"Mmoja yuko hapa. Amelala chini ya jiwe jekundu, refu kuliko yote."

Gavin akaacha kujikuna. Vibarua wawili waliokuwa wakipanga magunia wakapunguza kelele.

"Condy Melly," Nábla akasema. "Ninyi mlimwita Colin. Aliacha mke Donegal na watoto watatu, akaja kumwoa mama yako. Mtoto wake wa kwanza ndiye aliyenizaa. Kwa hiyo wewe ni baba yangu mdogo. Haya, baba mdogo, mgeni hakaribishwi hata chai?"

Kibarua mmoja akacheka, akawahi kukigeuza kicheko kuwa kikohozi. Wekundu ukampanda Gavin kuanzia shingoni.

"Sikiliza wewe mama. Baba yangu alikuwa yatima wa Perth. Mzee wa kanisa. Mji huu wote unamjua. Umetumwa na nani? Unataka nini, sehemu ya ghala?"

"Viazi vyako kula mwenyewe. Nataka jambo moja. Jina la bibi yangu lichongwe kwenye lile jiwe, lijulikane alikuwepo. Basi."

"Hakuna Róise yeyote atakayeandikwa kwenye jiwe la baba yangu! Ningeandika jina la mbwa wangu kwanza."

Nábla akamtazama, na taratibu akatabasamu.

"Sijakutajia jina lake, baba mdogo."

Gavin akawatupia vibarua jicho.

"Ulijua," Nábla akasema. "Ulijua siku zote."

"Toka. Toka kabla sijaita polisi."

Alitoka. Lakini barabarani alitembea kama mtu aliyepewa ruhusa. Mpaka dakika ile alikuwa na wasiwasi kwamba atawaonea watu wasio na kosa kwa dhambi za marehemu. Wasiwasi huo Gavin alikuwa amemwondolea kwa kinywa chake mwenyewe.

Jioni mwenye duka la samaki alimwambia afunge dirisha kesho kama hapendi kelele, kwa sababu Jumamosi ile Waprotestanti wangeandamana kwa ngoma na filimbi kama kila Julai, kusherehekea ushindi wao wa zamani juu ya Wakatoliki. Mbele yao angekuwa Bwana Gavin Melville, kiongozi wao, amevaa ukanda wa rangi ya chungwa. Mji wote ungekuwa barabarani.

"Hata makaburini hatakuwepo mtu?" Nábla akauliza.

"Makaburini afuate nini? Watafika pale mwishoni tu, kuweka shada kwenye mnara wa wanajeshi. Mpaka hapo ni wafu watupu."

"Basi nitakwenda kule kupumzika," Nábla akasema.

Ngoma zilipoanza Jumamosi asubuhi, yeye alikuwa ameshapiga magoti mbele ya jiwe jekundu, aproni ya Phelim kiunoni, mistari ameichora kwa chaki. Akasubiri mpigo wa ngoma kubwa, akapiga nyundo pamoja nao. Dumu, akapiga. Dumu, akapiga. Vumbi jekundu likamwangukia magotini. Hakuwa amewahi kuchonga kwa haraka namna ile, wala kwa raha namna ile. Kila herufi ilikuwa na deni lake: hii ya mkate uliokandwa bila kukoma, hii ya zizi, hii ya yule mtoto wa kikohozi. Ngoma zikasogea, zikazunguka mji, zikafifia, zikarudi, naye hakuinua kichwa mpaka aliposikia fimbo ikigonga changarawe nyuma yake.

Alikuwa bibi kizee mwembamba, kofia ya kanisani kichwani, amejitegemeza kwenye fimbo.

"Zile ngoma zinanipasua kichwa," bibi akasema. "Kila mwaka huwa nakimbilia huku kwa mzee wangu. Wewe ndiye fundi? Gavin hakuniambia kama ameleta fundi."

Nábla akajua yuko mbele ya nani. Jina lake lilikuwa pale chini, na nafasi yake wazi.

"Ndiyo, mimi ni fundi," akasema.

"Fundi mwanamke! Mambo ya siku hizi. Unaandika nini? Nimesahau miwani, hebu nisomee."

Usiku kucha Nábla alikuwa amejiona akiwasomea watu wa Condy maneno haya kwa sauti kubwa. Sasa alifikiri kusema ni maneno ya dini tu. Kisha akaikumbuka ile Rafiki wa maskini, akasoma.

"Condy Melly wa Rosses. Mume wa Róise. Baba wa Manus."

Bibi akainamia herufi zilizochongwa. Ngoma zilipiga mtaa wa pili.

"Condy," akarudia polepole, kama anayeonja kitu. "Alipokuwa na homa alisema lugha nisiyoijua. Nikamuuliza, akaniambia ni ya milimani, alijifunza kwa wachungaji. Huyo Róise ni nani?"

"Bibi yangu. Mke wake wa ndoa. Alimwacha na watoto watatu."

"Alikufa lini?"

"Baada ya vita ya pili."

Bibi akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Basi alikuwa hai siku naolewa."

"Alikuwa hai wakati mnazaa, wakati mnajenga, wakati mnakwenda kanisani. Alikuwa hai na alikuwa na njaa."

Aliyasema hayo kwa ukali, na yalimfika bibi mahali alipoyalenga. Nábla aliona mashavu yale ya kizee yakilegea, mkono ukitafuta ukingo wa jiwe ili ushike kitu, kisha ukaliachia jiwe haraka kana kwamba linaunguza. Alikuwa ametamani kumwona mtu akiumia, na mwenyewe alikuwa huyu. Akainuka ampishe akae. Bibi akakataa kwa kichwa.

"Gavin anajua?"

Nábla akasita. "Jana alilitaja jina la bibi kabla sijamtajia."

"Aha." Bibi Jessie alivuta pumzi kwa pua. "Kumbe walijua wawili. Baba kamwambia mwana, mimi nikaachwa nipike." Akanyoosha fimbo, akagonga chini ya jiwe. "Jina langu liko wapi, hapa?"

"Hapo hapo, mama."

"Usiniite mama, sikukuzaa. Litoe."

"Bibi, kaa kwanza ufikiri—"

"Nimekwambia litoe! Nililipenda jiwe hili, nilikuwa nakuja kulipangusa. Silali na mume wa mtu, hata nikiwa maiti."

Nábla akapiga magoti tena. Kufuta ni rahisi kuliko kuandika; jiwe lile laini lilibanduka vipande vipande, na jina la Jessie likawa kovu jekundu. Alipomaliza akauliza, "Na hili neno mwaminifu, nalo nilitoe?"

"Hilo liache," bibi akasema. "Watu wacheke."

Kelele za nyundo ziliwafanya wasigundue kwamba ngoma zimeingia langoni. Waandamanaji walikuwa wamefika kwenye mnara wa wanajeshi, na Gavin, akiwa na shada mkononi na ukanda kifuani, alimwona mama yake kwanza, kisha aproni, kisha nyundo. Akaja mbio kati ya makaburi. Wengine wakamfuata wakidhani bibi ameanguka.

"Mkamateni huyo! Mwairishi huyo anavunja kaburi la baba!"

"Mkamateni kwa lipi?" Jessie akasema. "Jiwe ni la nani, kama si la mjane? Ingawa leo naambiwa hata mjane mimi siye."

Mpiga ngoma mmoja, kijana mwenye sauti nzito, alikuwa ameinama anasoma. Alisoma kwa sauti bila kufikiri, kama watu wanavyosoma vibao. "Condy Melly wa Rosses. Mume wa Róise..." Akajiinua. Jina lile lilikuwa la Kikatoliki na la Donegal kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kuelezwa. Macho ya wanaume wote waliovaa kanda yakatoka kwenye jiwe, yakaenda kwa kiongozi wao.

"Mama, umechoka, twende nyumbani," Gavin akasema, akitaka kumshika.

"Usiniguse. Ulijua?"

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tumeongea miaka yote hii na hukusema. Nakuuliza hapa. Ulijua?"

Gavin alitazama huku na huku. Hakukuwa na upande usio na watu.

"Baba aliniapisha," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Nábla alikuwa anafunga patasi zake kwenye taulo. Alipokuwa anapita karibu naye akasimama, akamwambia taratibu ili asisikie mwingine, "Baba yangu aliuzwa sokoni ana miaka tisa, baba mdogo. Wewe ni mtu mzima, utavumilia."

Polisi alimchukua mpaka kituoni, akampa chai, akamweka mpaka saa kumi. Kisha akamwambia ajiendee. Gavin alikuwa amekataa kushitaki, maana mahakamani ingebidi asomewe kilichoandikwa. Ila jiwe lilikuwa limefunikwa turubai, na mji mzima ulikuwa umeshapita kuinua turubai.

Jumapili, kwenye meli ya kurudi Larne, Nábla aliagiza mkate wenye nyama ya nguruwe na chai kali, akala kwa hamu aliyokuwa hajaisikia tangu baba yake aanze kuugua. Mwanamke wa Derry aliyeketi mkabala naye akamuuliza kama alikwenda Uskoti kuona jamaa.

"Ndiyo. Nilikwenda kwa babu."

"Hajambo lakini?"

"Nimemwacha hali yake mbaya kuliko nilivyomkuta."

"Pole sana, jamani."

"Usinipe pole," Nábla akasema, akajimiminia kikombe cha pili.

Kitu kimoja tu kilimkwama. Alimwona tena Jessie akitoka makaburini peke yake, akipita katikati ya wale wanaume waliomfungulia njia, mkono wa mwanawe ameukataa, fimbo ikigonga changarawe. Asubuhi ile alikuwa mjane wa ndoa, na kufikia mchana hajawahi kuolewa. Nábla alijaribu kumwonea huruma yeye bila kumpunguzia Condy chochote, akaona inawezekana, ingawa inachosha. Akasukuma sahani, akatoka nje kwenye upepo, na pwani ya Antrim ilikuwa imeshaanza kuonekana.